Mtumbwi Ulionyimwa: Wagenya wa Nyangwe katika Maandishi ya Wasafiri

Katika maandishi juu ya vita vya majini, ujanja wa mnyonge husifiwa kwa maharamia wa baharini. Watu wa mitoni huachiwa ukali tu. Ndiyo maana kisa kinachokumbukwa zaidi ni kile cha 1 Februari 1877, Stanley aliposhambuliwa na mitumbwi 54, kwa hesabu yake mwenyewe, penye makutano ya Aruwimi na mto mkuu. Kisa kina kishindo, ila mbinu ni haba: mikuki ilizikabili bunduki uso kwa uso, ikashindwa. Ujanja wenyewe hauna budi kutafutwa juu zaidi, huko Nyangwe, katika eneo la Kasongo.

Wagenya walikuwa wavuvi na wavushaji. Silaha yao ilikuwa mtumbwi, nao waliitumia kwa kuinyima. Livingstone, aliyekwisha kuzuiwa na vidonda huko Bambarre (Kabambare ya leo), alikaa Nyangwe tangu Machi hadi Julai 1871 asipate chombo. Cameron naye alinyimwa mwaka 1874. Shajara za Livingstone, zilizochapishwa 1874, husomeka kama malalamiko ya mtu aliyepigwa danadana, na msomaji mwepesi huona humo uchoyo wa wenyeji. Hata hivyo sababu imo humo humo: watu waliamini kwamba anayenunua mtumbwi anapeleka vita ng'ambo ya kushoto. Hawakukosea sana.

Mbinu hiyo ilikuwa na mpaka wake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walipolifyatulia risasi soko la Nyangwe, mitumbwi iliyosongamana horini iligeuka mtego. Livingstone anataja makadirio ya watu 330 hadi 400 waliokufa, wengi kwa kuzama. Mwaka 1876 Stanley alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Kumnyima mtu wa namna hiyo hakukumzuia.

Mwaka 1893 jeshi la Dhanis lilikaa majuma kadhaa likiitazama Nyangwe kutoka ng'ambo. Hinde, daktari wa jeshi hilo, ameandika habari zake kama sifa za maofisa. Lakini mto ulivukwa 4 Machi kwa mitumbwi ya Wagenya. Kuiita hiyo kigeugeu ni kutosoma vizuri. Waliomnyima Livingstone kwa miezi minne walimvusha Dhanis, na mji wa wafanyabiashara ukaanguka.