Bampa la Chuma: Nguvu Iko Kwenye Braketi

Mteja anayetaka bampa la chuma kwa pikapu yake, awe Kirinyaga Road (wengi bado wanaiita Grogan) au kwenye gereji za kando ya Ngong Road, huanza na swali lile lile: chuma ni cha geji ngapi? Fundi akimjibu geji 10, yaani milimita 3 hivi, anaridhika na kutoa malipo ya awali. Wachache sana huuliza swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: bampa lenyewe litashikwa na nini, na wapi?

Tuifuate kazi hii hatua kwa hatua tukitumia Toyota Hilux, pikapu ambayo karibu kila fundi wa Nairobi amewahi kuifungua uso. Isuzu D-Max na Ford Ranger zina vipimo vyao, lakini kanuni ni zile zile.

Bampa la kiwandani linafanya nini

Ukivua plastiki ya mbele utakuta boriti ya chuma iliyofungwa kwenye ncha mbili za chasisi. Sehemu hii ya mbele imeundwa ikunjike gari linapogonga, ili nguvu ya mgongano iliwe na chuma kabla ya kuwafikia walio ndani. Sensa za mifuko ya hewa nazo hutegemea hesabu hiyo hiyo: zinapima jinsi mwendo unavyopungua kwa ghafla, na katika magari mengi ya miaka hii baadhi yake zimefungwa huku mbele, kwenye ncha za chasisi au fremu ya redieta.

Bampa gumu likifungwa moja kwa moja kwenye chasisi linavuruga hesabu hiyo. Mifuko inaweza kufumuka kwa mgongano mdogo, au ikachelewa penye mgongano mkubwa. Ndiyo sababu watengenezaji wakubwa kama ARB ya Australia, kampuni iliyoanza mwaka 1975, huunda braketi zinazokunjika kwa kiasi kilichopimwa na kueleza kila bampa ni la gari la modeli gani. Ukinunua bampa la aina hii, kinachokutoza fedha ni vipimo vya braketi zaidi ya chuma unachokiona kwa nje.

Uzito, na mahali unapokaa

Bamba la chuma la milimita 3 lina kilo 23.5 kwa kila mita mraba. La milimita 5 lina kilo 39. Bampa linalotumia mita mraba mbili za bamba litakuwa na kilo 47 kwa unene wa kwanza na 78 kwa wa pili, kabla hujaongeza mabomba, braketi na taa.

Uzito huo haukai juu ya ekseli ya mbele. Unaning'inia mbele yake. Hilux ya kizazi hiki na kilichotangulia ina mita 3.085 kati ya ekseli mbili. Bampa la kilo 60 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 80 mbele ya ekseli linaongeza kilo 76 hivi kwenye magurudumu ya mbele, na linanyanyua kilo 16 hivi kutoka yale ya nyuma. Ongeza winchi ya kilo 40 hapo hapo: mbele inabeba kilo 126 za ziada, nyuma inapoteza 26. Ukitoa uzito wa bampa la zamani hesabu inapungua kidogo, lakini haibadilishi mwelekeo.

Pikapu tupu tayari ni nyepesi nyuma. Ukizidi kuipunguzia, siku ya mvua kwenye mteremko utaona mkia unateleza ukishika breki. Mbele nako springi zinalala, taa zinaangalia lami, na tairi zinaanza kulika upande mmoja. Kwa hiyo bajeti ya bampa zito ni lazima iwe na springi ngumu zaidi za mbele, alaimenti mpya na kurekebisha taa. Fundi anayekwambia hayo hayahitajiki ameangalia chuma, hajaangalia gari.

Kazi yenyewe gerejini

Fundi wa jua kali ana faida moja ambayo duka la bidhaa za nje halina: anatengenezea bampa mbele ya gari lenyewe. Anavua bampa la zamani, anapima kwa futi, anakata bamba kwa grinda, anashikisha vipande kwa nukta chache za kuchomelea, kisha anajaribishia. Likiharibika Suswa au Mai Mahiu, welda yeyote atalinyoosha. Kasoro yake huja mwishoni, kwenye braketi. Bampa likishapendeza kwa nje, braketi hukatwa kutoka mabaki ya chuma yaliyo karibu, na tundu za bolti zisipolingana na za chasisi, zinapanuliwa kwa moto.

Litazame tundu la namna hiyo kwa karibu. Lililotobolewa kwa dirili ni duara, kingo zake zimenyooka, na bolti inaingia bila kucheza. Lililopanuliwa kwa moto lina kingo zenye meno na magamba, na bolti inakaa upande mmoja huku upande wa pili ukiwa wazi. Washa ya kawaida inazama kwenye uwazi huo. Baada ya miezi michache ya matuta, bampa linaanza kugonga, nati inalegea, na tundu linazidi kupanuka. Hapo tofauti ya milimita 3 na milimita 5 za bamba la mbele haina maana tena.

Braketi ya kuaminika hukatwa kwenye bamba la milimita 6 hadi 8, ikawekewa kipande cha pembetatu cha kuizuia isipinde, na kufungwa kwenye tundu za kiwandani za chasisi. Chasisi yenyewe haichomelewi, kwa kuwa joto hubadilisha chuma chake kando ya mshono na kuacha mahali pa ufa kuanzia. Ikibidi kushikisha nukta mbili tatu bampa likiwa kwenye gari, betri itolewe waya kwanza na klempu ya ardhi ibanwe karibu kabisa na mahali pa kazi, umeme usije ukapitia kwenye kompyuta za gari.

Kisha bolti. Kichwani mwa bolti ngumu kuna alama ya 8.8. Bolti ya M12 ya daraja hilo huvumilia mvuto wa tani 5.5 hivi kabla haijaanza kurefuka moja kwa moja. Ya daraja la 4.6, unene ule ule, huishia kwenye tani 2. Kwa macho zinafanana, na zisizo na alama yoyote huuzwa kwa wingi. Bolti ya M12 ya 8.8 ikaziwe kwa spana ya kipimo hadi Nm 85 hivi, kwa nati zenye nailoni, kisha ikaguliwe tena baada ya kilomita 500.

Jambo jingine dogo ni nafasi kati ya bampa na bodi. Bodi ya pikapu imekaa juu ya raba, bampa limeshikana na chasisi, kwa hiyo gari likipita kwenye tuta, viwili hivi havitikisiki pamoja. Acha sentimita 1 hadi 1.5 pande zote. Bampa lililobanwa likapendeza gerejini litakuwa limekula rangi ya fenda kabla hujafika Kikuyu.

Ndoano ya kuvutia nayo ifungwe kwenye chasisi yenyewe, isichomelewe kwenye bomba la bampa. Ndoano inayokatika gari likivutwa matopeni hurushwa na kamba iliyokazwa, na imewahi kuua watu katika nchi nyingi. Mwisho, hakikisha hewa inafika kwenye redieta, na indiketa na nambari ya gari zinaonekana. Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na hayo ni ya kwanza kuonwa.

Nani analihitaji?

Anayesafiri usiku kwenda Naivasha au Narok, ambako punda milia, ng'ombe na punda huvuka barabara, ana sababu nzuri. Bampa likilinda redieta, gari lililogonga mnyama linaweza kujifikisha nyumbani. Anayeingia Magadi au Loita anapata pia pembe kubwa zaidi ya kupanda miinuko, kwa sababu bampa la aina hii limekatwa pembeni na tairi linatangulia kugusa mwamba.

Anayetoka Kangemi au Lavington asubuhi na kurudi jioni yuko katika hali nyingine. Kwenye Waiyaki Way na Ngong Road, kilicho mbele yake ni watu. Hesabu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani Kenya. Plastiki ya kiwandani inabonyea. Bomba la chuma halibonyei, na linampata mtu mzima pajani na mtoto kifuani. Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya vipimo kwa vyuma hivi mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo.

Uamuzi wangu ni huu. Kama gari lako ni la mjini, bakia na bampa lililokuja nalo na uitumie fedha kwenye tairi na breki. Kama safari zako zinalihitaji kweli, chukua bamba la milimita 3 na usilizidishe, ongea na fundi kuhusu braketi kabla ya umbo, na ununue bolti za 8.8 wewe mwenyewe. Siku ya kulichukua gari, usilipe salio hadi umelala chini yake na tochi, ukahesabu bolti na kuyaona matundu yake kwa macho yako.