Fundi wa Madirisha
Edward Burne-Jones alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1833, na mama yake akafariki siku chache baadaye. Akalelewa na baba aliyekuwa fundi wa fremu za picha. Mwaka 1853 alikwenda kusoma Oxford kwa nia ya kuwa kasisi. Huko akakutana na William Morris, na vijana hao wawili wakaamua kuiacha njia ya ukasisi na kuishika ya sanaa.

Wengi humkumbuka kwa picha zake za rangi ya mafuta, kama ile ya Mfalme Cophetua na msichana ombaomba, ya mwaka 1884. Mimi namsifu zaidi kwa madirisha yake. Humo ndimo alimoonyesha jambo gumu kuliko yote katika ufundi: kuikamilisha sehemu yako barabara, huku ukijua kwamba wengine ndio watakaoimaliza kazi.

Alianza mwaka 1857 kwa kuichorea kampuni ya James Powell picha ya Mchungaji Mwema. Morris na wenzake walipofungua kampuni yao London mwaka 1861, Burne-Jones alikuwa miongoni mwa washirika, na kuanzia 1875 yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wake mkuu wa madirisha.

Katika dirisha la namna hii, rangi nyingi huwa imo ndani ya kioo chenyewe, iliyotiwa kikiwa bado uji wa moto. Mchoraji huchora kwenye karatasi yenye ukubwa uleule wa dirisha. Fundi hukata vioo kipande kwa kipande akiufuata mchoro. Macho, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa juu ya kioo kwa wino mzito wa unga wa kioo na oksidi ya chuma, kisha vipande huchomwa tanurini mpaka wino ushikane na kioo. Hatimaye hupachikwa katika vijiti vyembamba vya risasi vyenye mfereji kila upande, na maungio yakalehemiwa.

Michoro mingi ya Burne-Jones haikuwa na rangi. Yeye alitoa maumbo: mwili unavyoinama, vazi linavyoanguka, umati unavyosongamana. Morris ndiye aliyechagua wekundu na samawati, na mafundi wa karakana ya kampuni yao huko Merton Abbey wakakata, wakachora na kuchoma. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo ndipo risasi inapompima mchoraji. Mistari yake myeusi haikwepeki, kwani bila hiyo dirisha litaporomoka. Burne-Jones aliifanya kuwa sehemu ya uzuri. Aliipitisha kwenye ukingo wa bawa, kwenye pindo la joho, kwenye mkono ulionyooshwa, hata ukitazama huoni kiungo, unaona mchoro.

Ushahidi uko Birmingham, katika kanisa la Mtakatifu Filipo, alikobatizwa. Kati ya 1885 na 1897 liliwekewa madirisha yake manne: Kupaa, Kuzaliwa, Kusulubiwa na Hukumu ya Mwisho. Katika Hukumu, Kristo ameketi juu, amezungukwa na malaika wenye wekundu mkali. Katikati mji unabomoka. Chini wamesimama watu, nyuso zimeinuka. Asubuhi na jioni dirisha hilo halifanani, kwa sababu jua nalo limepewa sehemu yake ya kazi.

Burne-Jones alikufa mwaka 1898. Mwaka 1940 bomu la Wajerumani liliunguza kanisa hilo, lakini madirisha yalikuwa yamekwisha kuondolewa na kufichwa. Vita vilipokwisha yakarudishwa, na yapo hadi leo.

Jina la mchoraji limebaki. Majina ya wengi waliokata na kuchoma vioo vile hayatajwi. Nao wastahili sifa. Mchoro ungeweza kubaki kwenye karatasi tu, na mikono yao ndiyo iliyoufanya dirisha. Msomaji, ukisimama mbele ya kazi yoyote njema, iwe mlango, jengo au kitabu, usiishie kwenye jina lililoandikwa. Uliza ni nani wengine walioishika, uwape haki yao.