Chapa Si Kivuli cha Kinyago: Istilahi na Uhakiki wa Picha za Lilanga

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki kuziita picha za bamba za George Lilanga, msanii wa Tanzania aliyefariki mwaka 2005, "michoro" tu, na kuziona kuwa ni vinyago vyake vilivyohamishiwa karatasini. Rai hiyo ina chanzo chake, kwani Lilanga alikuwa mchongaji, na mashetani wa Kimakonde wamejaa katika picha hizo. Hata hivyo, inaificha kazi yenyewe.

Katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, Lilanga alitumia mbinu ambayo Rembrandt aliikuza Uholanzi katika karne ya 17. Bamba la madini hupakwa nta; msanii huikwaruza kwa sindano; tindikali hula palipoachwa wazi. Kisha wino hujazwa katika mifuo, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa mashine.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Mchonga kinyago huondoa mti, na kilichobaki ndicho umbo. Katika bamba, kilichoondolewa ndicho kinenacho, tena kwa kugeuzwa: kulia huwa kushoto. Aidha, achongaye bamba kwa mkono, kama Dürer wa Ujerumani, hunenepesha na kukondesha mstari kwa nguvu zake. Sindano huteleza katika nta, na kina huachiwa tindikali. Mstari wa Lilanga, uzungukao bila kusita, ni mwana wa nta, si wa mti.

Kiswahili hakikosi maneno. Kamusi za zamani zilifasiri "kuchora" kuwa ni kukata nakshi, wala si kuandika picha tu. Tatizo ni "chapa", neno linalobeba picha itokayo katika bamba na pia ile ya kitabuni. Msomaji wa Eldoret aijuaye kazi hii kwa kitabu tu hauoni ukingo wa bamba uliodidimia karatasini. Ataidhani nakala ya kitu kingine. Kumbe hakuna asili nyingine nyuma yake: kila karatasi itokayo chini ya mashine ni asili.

Kwa hiyo yafaa kutenga "mchoro wa tindikali", "mchongo wa bamba" na "nakala". Bila mgawanyo huo, kosa la istilahi litaendelea kuwa kosa la hukumu.