Sinema Yatengenezwa kwa Nani?

Mpishi mwema huuliza kwanza wageni wake ni akina nani, ndipo ainjike chungu. Mtengeneza sinema naye afanye vivyo hivyo. Lakini wengi hushika kamera kwanza, na watazamaji huwafikiria mwisho.

Katika miaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Wazungu wachache, mmoja wao Meja Notcutt, walitengeneza filamu 35 hivi kwa ajili ya Waafrika. Tuwape haki yao: hawakukaa nyumbani na kukisia tu. Walipakia mashine katika lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rodesia ya Kaskazini na Nyasaland, wakazionyesha. Sauti ilitoka katika sahani za gramafoni, hata filamu moja iliweza kusemwa kwa lugha mbalimbali. Hiyo ni busara. Lakini mafundisho yenyewe, yaani kilimo, afya na kuweka akiba, waliyachagua wao. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi, si mtu mwenye neno lake.

Sasa tuje kwetu Kivu. Mwaka 2015 Thierry Michel, Mbelgiji, alitoa filamu juu ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu. Ni kazi ya heshima: wanawake walioumizwa hawaonyeshwi ili wahurumiwe tu, bali wanasimama na kusema kwa kinywa chao. Mwezi wa Septemba serikali ya Kinshasa iliikataza, ikidai kwamba tafsiri ya Kifaransa haikulingana na maneno yaliyosemwa, Oktoba ikaifungulia.

Tazameni basi: ugomvi ulikuwa juu ya maandishi ya chini ya picha, yaliyowekwa kwa ajili ya wasiojua lugha zetu. Mama wa Hombo, kwenye njia ya Bukavu kwenda Walikale, hana haja ya kufasiriwa Kiswahili. Kwake yeye ni Kifaransa cha wakubwa kinachotaka kufasiriwa.

Kwa hiyo anayepiga picha za Kivu na ajiulize: Je, wale niliowapiga picha wataiona filamu hii? Wakiiona, wataielewa? Watapata nafasi ya kusema, “Hapa umekosea”? Sifa za Ulaya ni njema, lakini hazitoshi. Mtu anayeonyeshwa kwenye kitambaa cheupe ana haki ya kujua yanayosemwa juu yake.