Vitabu vya Kusomwa Pasipo Mtihani

Kila ufikapo mwisho wa muhula, wanachama wenzetu hutuuliza swali lile lile: tusome nini? Hawaulizi juu ya vitabu vya kiada, kwani hivyo hutufikia vikiwa vimekwisha chaguliwa. Wanauliza juu ya kitabu ambacho mtu hukichukua jioni, madaftari ya wanafunzi yakiwa yamekwisha sahihishwa, akakisoma kwa kuwa amependa. Swali hili ni dogo kwa kulitazama, lakini hapa Uganda lina uzito wake.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya nchi yetu kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mema. Lakini amri haifuti kumbukumbu. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, na katika miaka ya 1970 kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Mtoto arudipo nyumbani na daftari lake la ngeli, huenda babu yake bado anaisikia sauti ile. Nasi tukimwongezea mtoto huyo hofu ya mtihani, tutakuwa tumembadilishia askari tu. Hatuna budi kumwonyesha kwamba lugha hii pia husimulia, huchekesha na huliwaza. Kwa nia hiyo twapendekeza vitabu vinne, visivyofanana.

Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaifasiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Yeye anadhani amekwenda kumtembelea mjomba. Kumbe amewekwa rehani. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara hadi ng'ambo ya ziwa, na nyuma ya yote Wajerumani wanazidi kuikamata nchi. Sisi watu wa bara twajiona humo kwa macho ya wafanyabiashara wa pwani, na picha yenyewe si ya kupendeza siku zote. Ndiyo maana yafaa tuisome. Aidha, riwaya hii yaonyesha ni vijana wa namna gani waliozolewa kuwa askari: wasio na kwao wala wa kuwadai. Anayetaka kuelewa Kiswahili kilivyofungamana na bunduki ataanza kuelewa hapa. Hata hivyo, wanafunzi wa kidato cha kwanza wasipewe. Msamiati wake wataka msomaji aliyekomaa, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, iwe karibu.

Cha pili ni Mbali na Nyumbani cha Shafi Adam Shafi, kilichochapwa na Longhorn mwaka 2013. Wengi wetu twamjua mwandishi huyu kwa Vuta N'kuvute na Kasri ya Mwinyi Fuad. Safari hii anasimulia maisha yake mwenyewe: kijana anayeiacha Unguja akielekea kaskazini kutafuta elimu, akipitia Uganda na Sudani. Lugha yake ni nyepesi bila kuwa ya ovyo, na mwalimu ataona jinsi masimulizi ya nafsi ya kwanza yanavyojengwa. Mwanafunzi wetu naye atafurahi kuikuta nchi yake ndani ya kitabu cha Kiswahili. Furaha ya namna hiyo ni adimu kwetu, maana vitabu vingi tufundishavyo huishia Mombasa au Dar es Salaam.

Cha tatu ni cha vijana, nacho ni Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, kilichotolewa na E & D Vision mwaka 2008. Marehemu Semzaba alifahamika zaidi kwa tamthilia yake ya Ngoswe. Katika kitabu hiki anamzungusha kijana Majaliwa sehemu nyingi za Tanzania, kwa visa vinavyovuka mipaka ya kawaida. Mtu mzima huenda akachoshwa na wingi wa mahali, lakini mtoto hachoki. Na ramani ikitundikwa ukutani, somo la lugha litakuwa limebeba na la jiografia.

Cha nne ni Diwani ya Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, juzuu ya kwanza, iliyochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2017. Tuzo hiyo ina jina la mwandishi wa Kinjeketile. Diwani ni mkusanyiko wa washairi wengi, na mkusanyiko una desturi yake: lulu na kokoto hukaa chungu kimoja. Sisi hatulioni hilo kuwa kasoro kwa mwalimu. Mwanafunzi aliyepewa shairi bora peke yake hujifunza kusifu. Aliyepewa mawili yasiyolingana, akaulizwa lipi limesimama na kwa nini, hujifunza kuhakiki.

Twajua kwamba bei na umbali ni kikwazo, na kwamba vitabu vya ng'ambo ya mpaka havipatikani katika kila duka. Basi na tununue nakala moja kwa watano, tupokezane, kisha tukutane kuzungumza. Zaidi ya hayo, mwalimu asome kwanza yeye, tena mbele ya wanafunzi wake. Mtoto aliyemwona mwalimu akicheka peke yake juu ya ukurasa wa Kiswahili ataomba kitabu hicho bila kuamrishwa.

Atakayeona tumekosea katika uchaguzi huu na atuandikie, ataje na kitabu ambacho yeye angekiweka mahali pake.