Likizo ya Mgeni na Msimu wa Mwenyeji

Msafiri atokaye bandari ya Mkoani akielekea Chake Chake hupita Mtambile. Akipita katika msimu wa karafuu ataona majamvi yametandikwa kando ya barabara, karafuu zimeanikwa juani, na watoto wakizigeuza kwa mikono. Katika kisiwa cha Pemba imepata kutokea, zaidi ya mara moja, kwamba shule zilifungwa msimu ulipokuwa mkubwa ili watoto wasaidie kuchuma. Likizo ya namna hiyo haina mapumziko. Mtoto hutoka darasani akapanda mkarafuu, na jioni huketi pamoja na wakubwa wake kuchambua makonyo.

Nimeanza na watoto hao kwa sababu nia yangu ni kusema juu ya likizo ya watu wengine, yaani wamishenari wa Ulaya waliokaa katika pwani yetu pamoja na wake na watoto wao, na juu ya vitabu walivyotuachia. Vitabu hivyo vimepata wasifu wengi na walaumu wengi. Wasifu hutazama nia njema ya mwandishi. Walaumu hutazama dola iliyokuja nyuma yake. Wote wana haki ya kusema, lakini kazi ya mhakiki ni nyingine. Yampasa aulize kitabu kiliandikwa wapi, wakati gani, na mbele ya macho ya nani. Nikivipima vitabu hivi kwa maswali hayo, naona jambo moja ambalo halijasemwa vya kutosha: vilivyo mashuhuri miongoni mwao viliandikwa likizoni, au baada ya mwandishi kurudi kwao. Mgeni alituona akiwa kwetu, akatuandika akiwa kwao. Katika umbali huo ndimo uzuri wa vitabu hivi ulimo, na ndimo ila yake ilimo pia.

Tuchukue mfano wa kwanza. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya misheni ya Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mke alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Hapana msomaji, awe wa dini yoyote, awezaye kuisoma habari hiyo bila huzuni. Lakini hebu tutazame huzuni hiyo ilifanywa nini katika maandishi. Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile la upweke ni alama ya kuwa kazi imeanza katika sehemu hii ya dunia. Kaburi la mke likageuka kuwa wito kwa wafadhili. Sisemi kwamba hakulia; nasema kwamba hata kilio chake kilikuwa na msomaji aliyekingojea ng'ambo ya bahari, na msomaji huyo alitaka kujua kama kazi inaendelea.

Krapf aliondoka pwani kwa ajili ya afya yake, akakaa Ujerumani, na huko kitabu chake cha safari kikatoka mwaka 1858. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1860. Ni kitabu chenye elimu nyingi, na haki yatutaka tukiri kwamba Krapf hakuwaficha wote waliomsaidia. Amemtaja kwa jina kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, aliyemsaidia alipoanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Twastahili kulitafakari jambo hilo: kadhi wa Kiislamu ameketi na mchungaji wa Kikristo, wakitafuta pamoja neno la Kiswahili litakalofaa. Ingekuwaje kama kadhi naye angeandika habari za mgeni wake? Kitabu kina upande mmoja tu wa mazungumzo hayo.

Mfano wa pili waonyesha kinyume chake. Johannes Rebmann alimfuata Krapf mwaka 1846, akaona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaoa huko Misri mwaka 1851, na mkewe Emma akafa mwaka 1866. Yeye hakurudi Ulaya mpaka mwaka 1875, na kufikia wakati huo macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Miaka 29 bila ya likizo ya kwao! Na tazama alichotuachia. Hakutunga kitabu kikubwa cha safari cha kumpa sifa. Alitunga kamusi. Kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa, iliyochapishwa mwaka 1877 baada ya kufa kwake, aliikusanya kutoka kinywani mwa mtu mmoja aitwaye Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka bara. Kila neno la kamusi ile lilipita kwanza katika ulimi wa Salimini. Aliyekwenda zake aliandika juu yetu. Aliyebaki aliandika kile tulichomwambia. Sidai kwamba hii ni kanuni isiyovunjika, lakini ni tofauti kubwa ya kutosha kumfanya mhakiki asimame.

Yasije yakadhaniwa kwamba naidharau likizo. Homa ya malaria iliua wageni wengi, na watoto wao zaidi, na kurudi kwao mara nyingi kulikuwa kuponya roho. Tena likizo ya mmishenari haikuwa ya kustarehe tu. Alizunguka makanisani, akahutubia, akaonyesha picha na vitu alivyovikusanya, akaomba fedha za mwaka ujao. Alikuwa kazini bado, ila mwenye kumsikiliza amebadilika. Na hapo ndipo kitabu kilipozaliwa. David Livingstone alimpeleka mkewe Mary na watoto wao wanne Uingereza mwaka 1852, naye akabaki Afrika akisafiri. Aliporudi mwishoni mwa mwaka 1856 alikaa akaandika, na mwaka 1857 kitabu chake kikatoka, kikauzwa sana. Miaka ile zaidi ya minne ambayo Mary aliishi kwa dhiki pamoja na watoto, bila mume na bila makao ya kudumu, haikupata kitabu. Alirudi Afrika, akafa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Basi si sisi wenyeji peke yetu tuliofichwa na aina hii ya uandishi. Hata mke wa mwandishi alifichwa.

Sasa turudi Pemba. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammad, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mwenye mtumwa alilipwa fidia. Mtumwa alipaswa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuomba uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika amri ile mpaka mwaka 1909. Pemba ilikuwa ndiyo nchi ya karafuu, hasa tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa. Basi swali la uhuru lilikuwa swali la shamba: nani atachuma, na kwa malipo gani? Katika mwaka huo wa 1897 Kanisa la Marafiki la Uingereza likawatuma watu kuanzisha misheni ya kazi katika kisiwa hiki, na shamba lao likawa Banani, upande wa Chake Chake. Walioachwa huru wangefanya kazi hapo kwa ujira.

Miongoni mwa waliokuja walikuwamo Henry Stanley Newman na Theodore Burtt. Newman alirejea Uingereza, na mwaka 1898 kikatoka kitabu chake kiitwacho Banani, chenye habari za kutoka utumwani kuingia katika uhuru. Burtt alibaki, akafanya kazi kisiwani kwa miaka mingi. Kwa mara nyingine yule aliyeondoka ndiye anayesomwa. Na fikiria haraka ya jambo lenyewe: amri mwaka 1897, kitabu mwaka 1898. Safari kutoka utumwani kwenda kwenye uhuru, ambayo iliwachukua watu wa Pemba umri mzima, na wengine umri wa watoto wao, imekwisha kuwekwa katika jalada kabla mikarafuu haijatoa misimu miwili. Siwezi kumlaumu Newman kwa kuwa na matumaini. Nalaumu desturi ya kuyasoma matumaini hayo kana kwamba ni historia iliyokamilika.

Je, mwenyeji akiandika mwenyewe, ila hiyo hutoweka? Hapa yatupasa kujihadhari tusijipendelee. James Mbotela alizaliwa katika jamaa ya watu walioachwa huru wakakaa Freretown, karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875. Kengele yao imeacha jina mpaka leo, kwani mahali pale paitwa Kengeleni. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka mwaka 1934, na kilisomwa katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki. Ndani yake twapata kile ambacho Krapf na Newman hawangeweza kutupa: watu wa misheni wakisimuliwa na mtoto wa nyumba zao, kwa Kiswahili chepesi kisichokuwa na madoido. Lakini kitabu kile kilichapishwa London na matbaa ya kanisa, na shukrani imejaa mno hata hakuna nafasi ya swali. Mwingereza ni mwokozi kila ukurasa, na Mwarabu ni mwovu kila ukurasa. Mwandishi ameketi kwao, lakini msomaji anayemwogopa yuko ng'ambo bado. Basi mahali pa kuandikia peke yake hapatoshi. Mtu aweza kukaa nyumbani akaandika kama aliyeko ugenini.

Mfano wa mwisho unageuza meza. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akafiwa naye mwaka 1870, akabaki Ujerumani na watoto watatu. Huyu naye aliishi ng'ambo na jamaa yake, lakini hakuwa na jumuiya ya kumlipia nauli wala nyumba ya kurudia wakati wa likizo. Alipoiona tena Unguja mwaka 1885, miaka 19 ilikuwa imepita. Kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, zinawasahihisha Wazungu katika mambo mengi ya nyumba na desturi zetu, na ni furaha kuzisoma. Lakini afikapo kwenye utumwa, kalamu yake inautetea. Alikuwa binti wa mwenye mashamba, na kutoka dirishani kwa mwenye shamba mchumaji huonekana mdogo. Ugeni hukificha kitu kimoja, na utukufu hukificha kingine.

Tukivikusanya vitabu hivi vyote pamoja, twaona nani amekosekana. Mmishenari ameandika, mtoto wa misheni ameandika, binti wa Sultani ameandika. Mchumaji wa karafuu hakuandika. Yule aliyekwenda mahakamani mwaka 1897 kuomba uhuru wake, akarudi shambani kuchuma karafuu zile zile kwa malipo ya pishi, hana ukurasa alioutia mkono mwenyewe. Hakukosa akili wala habari. Alikosa wakati. Mgeni alipata likizo akaandika. Mwenyeji alipata msimu akachuma.

Ndiyo maana narudi kwa watoto wa Mtambile. Mtoto aliyefungiwa shule ili apande mkarafuu anaurithi upungufu ule ule wa babu zake, hata kama leo hii malipo ni yake na jamaa yake. Akitaka kujua kisiwa chake kilikuwaje wakati wa bibi wa bibi yake, atapelekwa kwenye kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekipita. Sishauri vitabu hivyo viachwe. Tuvisome, kwani vina mambo ambayo hatuna pengine pa kuyapata. Lakini tuvisome kama tusomavyo barua iliyoandikiwa mtu mwingine: kwa adabu, na kwa kukumbuka kwamba hatukuwa sisi tulioandikiwa.

Na tuandike. Kazi hii haihitaji mtaji. Hati za zamani zipo katika Nyumba ya Nyaraka ya Kilimani, Unguja, kwa mwenye subira ya kuzisoma. Habari za mdomo zipo barazani, lakini hizo hazina mlinzi, na kila mzee anayezikwa huenda na sehemu yake. Mwanafunzi wa Pemba anayesoma chuoni, aliye mbali na kwao kama vile mmishenari alivyokuwa mbali na kwake, naye ana likizo. Akirudi Mtambile katika msimu, na achume pamoja na jamaa zake, kwa kuwa hilo ni wajibu. Jioni, wakati wa kuchambua makonyo, mikono inapokuwa na kazi na ndimi zina nafasi, na aulize: shamba hili lilikuwa la nani, nani alilichuma, alilipwa nini, na siku aliyoambiwa kwamba yu huru alikwenda wapi? Kisha kabla hajalala na ayaandike majibu, akiwa bado pale pale, ili asubuhi awasomee waliomwambia, nao wamsahihishe.