Ahadi ya Watu Wazima: Uhakiki wa Filamu «Crin-Blanc»

Filamu nyingi zinazosimulia uhusiano wa farasi na binadamu hufuata njia moja. Mnyama asiyekubali kutawaliwa hukutana na mtoto anayemwelewa, wakubwa huingilia kati, na hatimaye mapenzi ya wawili hao huwashinda wote. Ndivyo ilivyo katika «The Black Stallion» (1979) ya Carroll Ballard, ambayo hukamilishwa kwa ushindi katika mashindano ya mbio. «Crin-Blanc», filamu ya dakika arobaini hivi iliyotungwa na Mfaransa Albert Lamorisse, huianza njia hiyohiyo lakini haifiki mwisho uleule. Mwaka 1953 ilipewa tuzo kuu ya filamu fupi huko Cannes pamoja na tuzo ya Jean Vigo, na tangu hapo imesifiwa hasa kwa uzuri wa picha zake. Sifa hiyo ni ya haki, ila inaficha dhamira iliyo kali zaidi, yaani thamani ya neno la mtu mzima mbele ya mtoto.

Kisa chatokea Camargue, nchi ya vinamasi na chumvi kusini mwa Ufaransa, ambako mto Rhône unaingia baharini. Crin-Blanc, jina linalotaja manyoya yake meupe ya shingoni, ni farasi dume anayeongoza kundi la farasi wa mwituni. Wachungaji wanamnasa, naye anawaponyoka. Folco, kijana mvuvi anayeishi na babu yake na mdogo wake, anaomba apewe farasi huyo. Mkubwa wa wachungaji anakubali kwa dhihaka: akiweza kumshika, basi ni wake.

Folco anamtia kamba. Farasi anakimbia na kumburura kijana matopeni, majini na mchangani, lakini kamba haiachwi. Mwishowe ni farasi anayesimama na kugeuka kumtazama. Hapa fani na maudhui havitengani. Mhakiki André Bazin, aliyeichambua filamu hii katika insha yake maarufu juu ya mipaka ya kuunganisha vipande vya picha, alishikilia kwamba pale maana ya tukio inapotegemea wawili kuwa pamoja, ni sharti waonekane pamoja katika picha moja. Alikumbusha pia kwamba Crin-Blanc wa hadithi aliigizwa na farasi kadhaa. Hila hiyo haiudhi, kwa sababu mtazamaji amekwisha kuwaona mwili wa kijana na mwili wa mnyama katika tope moja, wamefungwa kwa kamba moja. Urafiki wao hautangazwi kwa maneno. Umelipiwa kwa taabu machoni pa wote.

Kinyume chake, watu wazima hawana cha kutoa ila maneno. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mkubwa wa wachungaji alikopa kwa mzaha, akakataa kulipa. Sharti limetimizwa, lakini wachungaji wanarudi kumwinda farasi, na kuchoma matete alimojificha ili atoke. Folco anapanda mgongoni bila tandiko na kumtoa motoni. Mbio zinawafikisha ukingoni mwa maji. Hapo ndipo ahadi inapotolewa mara ya pili: warudi tu, na farasi atakuwa wa kijana. Folco hageuki. Huenda safari hii mchungaji anasema kweli. Hofu yake yaonekana kuwa ya haki. Lakini neno lililovunjwa mara moja halina nguvu ya kuokoa siku linapohitajika. Huo ndio msiba wa filamu hii, wala hausababishwi na bahari.

Linabaki swali la mwisho wake, ambalo ni zito. Macho yanaona vichwa viwili vikizidi kuwa vidogo kati ya mawimbi. Wakati huohuo sauti ya msimulizi inaeleza kwamba farasi anampeleka rafiki yake katika nchi ambamo farasi na watu huishi daima kwa urafiki. Picha yaashiria kifo, sauti yaahidi makao. Yawezekana kuitetea sauti hiyo kwa kusema kwamba ni desturi ya ngano kuwafikisha mashujaa wake nchi isiyojulikana, na kwamba mtoto anayetazama anahitaji faraja. Utetezi huo una uzito, lakini hautoshi. Msimulizi naye ni mtu mzima, na anamwahidi mtoto kitu asichoweza kukionyesha. Baada ya ahadi mbili za mchungaji, hii ni ya tatu.

Je, Lamorisse alitambua ukinzani huo? Filamu yenyewe haijibu. Hata hivyo, alichokitenda kwa kamera ni cha uaminifu kuliko alichomwachia msimulizi: hakupiga picha ya nchi hiyo ya urafiki, bali aliishia majini. Mtazamaji mdogo ataisadiki sauti; akikua, atayasadiki macho. Kazi inayoweza kutazamwa hivyo mara mbili katika maisha ya mtu, na kumdai jibu kila mara, inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa, ijapokuwa ni fupi na ilikusudiwa watoto.